Nyumba Ikiuzwa, Dipoziti Yako Iko kwa Nani?

Wapangaji wengi wa Nairobi hujua ploti imeuzwa wakati mambo yameshakwisha. Kwanza wanakuja watu wageni, wanapiga picha jengo na kuhesabu milango. Keateka akiulizwa anasema ni watu wa bima. Mwezi unaofuata keateka mwenyewe ameondolewa, na barua imepitishwa chini ya mlango: kuanzia tarehe mosi kodi italipwa kwa Paybill (namba ya malipo ya M-Pesa) mpya, na ajenti wa zamani hana mamlaka tena. Niliipokea barua ya namna hiyo nikiwa mpangaji Kasarani, kwenye nyumba ya shilingi 15,000 kwa mwezi. Ilitaja kodi, maji, takataka na saa ya kufunga geti. Dipoziti haikutajwa popote.

Barua ikikaa kimya juu ya dipoziti, usingoje siku ya kuhama ndipo uulize. Uliza wiki hiyo hiyo, na uulize kwa maandishi. Ushauri wangu wote unatoka hapo.

Kenya haina mfuko wa kisheria wa kuhifadhi dipoziti za nyumba za kuishi. Pesa ukishaituma inakaa kwa mwenye nyumba au kwa ajenti wake, na mara nyingi imeshaenda kwenye shughuli nyingine. Nyumba ikibadilisha mikono, kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Haki yako ya kuendelea kukaa ina nguvu: kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinatambua upangaji wa mwezi kwa mwezi, pamoja na mikataba isiyozidi miaka miwili, hata kama haikuandikwa kwenye rejista ya ardhi. Mnunuzi anainunua nyumba nawe ukiwa ndani, na akitaka utoke lazima akupe notisi. Pesa ni habari nyingine. Wa kwanza kudaiwa ni yule aliyeipokea. Ili umbane mwenye nyumba mpya bila ubishi, uwe na kitu kinachoonyesha kwamba alikabidhiwa dipoziti, au kwamba alikubali kubeba mzigo huo kwenye mkataba wa mauzo, au kwamba alikukubalia wewe mwenyewe. Kwa hiyo wale wanaosema "dipoziti inafuata nyumba, usijali" wanakupa moyo tu. Dipoziti inafuata karatasi.

Na karatasi huwa ipo. Wakili wa mnunuzi anayeijua kazi yake huitisha orodha ya wapangaji, kodi zao na dipoziti zao kabla ya mauzo kukamilika. Jengo la nyumba 20 zenye dipoziti ya 15,000 kila moja lina shilingi 300,000 za wapangaji ndani yake. Pesa kama hizo ama zinakatwa kwenye bei, ama muuzaji anazikabidhi, ama pande mbili zinakubaliana kwamba muuzaji atawarudishia wapangaji mwenyewe. Wewe hukuwepo mezani, lakini una haki ya kuuliza waliamua nini.

Kwetu tuliuliza kwa pamoja. Kundi la WhatsApp lililokuwa la kulalamikia maji likageuka la kukusanya risiti. Tuliandika barua moja yenye jedwali: namba ya nyumba, jina, tarehe ya kuingia, kiasi cha dipoziti, kiasi cha dipoziti ya maji na stima, na namba ya muamala wa M-Pesa. Aliyepoteza ujumbe wa M-Pesa alipiga *334# akaomba taarifa ya miamala, ikatumwa kwa barua pepe. Jirani yangu wa ghorofa ya juu alikuwa amelipa pesa taslimu kwa keateka wa kwanza na risiti yake ilishaliwa na unyevu. Yeye aliambatisha nakala ya mkataba wake, ambao ulitaja kiasi hicho na ulikuwa na sahihi ya ajenti. Mkataba unaosema "mpangaji amelipa dipoziti ya kiasi fulani" ni ushahidi wa malipo, kwa hiyo usiuone kama karatasi ya sheria za nyumba tu.

Barua tuliipeleka ofisini kwa ajenti mpya nakala mbili, na nakala yetu tukaisimamia mpaka ikapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Msisitizo wangu uko kwenye muhuri huo. Barua isiyo na muhuri, kesho watakwambia haikufika.

Mwenye nyumba mpya alipokuja kujitambulisha, alituambia waziwazi: "Mimi nimenunua nyumba, sikununua madeni ya mtu." Mzee mmoja, mpangaji wa miaka mingi pale, akamjibu kwa upole: "Mzee mwenzangu, hatujasema ni deni lako. Tunaomba utuandikie tu, ulikabidhiwa dipoziti au hukukabidhiwa." Hakuna aliyepaza sauti baada ya hapo.

Swali hilo ni zuri kwa sababu jibu lolote linakufaa. Akiandika kwamba alikabidhiwa, amejifunga, na siku ya kuhama huna mjadala naye. Akiandika kwamba hakukabidhiwa, unajua mapema kwamba mtu wako ni mwenye nyumba wa zamani, na unamfuata wakati bado anapatikana na bado ana pesa za mauzo. Ukikaa miaka miwili, namba yake ya simu itakuwa haipatikani. Na akikataa kujibu kabisa, barua yenye muhuri itakuja kuonyesha kwamba aliulizwa akanyamaza. Wetu alichukua muda, kisha wakili wake akatuandikia kwamba dipoziti zilizo kwenye orodha zilizingatiwa katika mauzo. Sentensi moja tu, nami niliihifadhi kuliko kitambulisho.

Kabla ya kutuma hata shilingi kwa Paybill mpya, dai barua kutoka kwa mwenye nyumba wa zamani, au wakili wake, inayowaelekeza wapangaji kumlipa mpya. Matapeli wanajua kuandika barua. Ukiijua namba ya usajili wa kiwanja, unaweza pia kuomba upekuzi rasmi wa ardhi, ambao kwa Nairobi hufanyika kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, ukaona umiliki umeandikwa kwa nani. Usitumie jambo hili kama kisingizio cha kutolipa kodi. Kodi ikirundikana, Sheria ya Cap 293, ya kukamata mali kwa ajili ya kodi (Distress for Rent Act), inampa mwenye nyumba njia ya kukamata mali yako kupitia dalali, na malalamiko yako ya dipoziti hayatakukinga.

Mauzo ya mnada ni mabaya zaidi. Hapo mwenye nyumba wa zamani ameshindwa na mkopo, benki inauza ili ilipwe, na mnunuzi kwa kawaida haoni dipoziti ya mtu yeyote. Lakini mnada hauji ghafla. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, benki humpa mdaiwa notisi ya kwanza, kisha notisi ya kuuza ya siku zisizopungua 40, na nakala ya notisi hiyo ya pili inapaswa kuwafikia wapangaji pia na kubandikwa mahali panapoonekana. Ile karatasi iliyobandikwa getini ambayo kila mtu huipita akienda kazini huenda ndiyo hiyo. Isome. Ukiona ni notisi ya mnada, nenda kwa mwenye nyumba wako ukamwombe akubali kwa maandishi ukae miezi ya mwisho kwa kukatia dipoziti, yaani dipoziti ihesabiwe kuwa kodi ya miezi hiyo. Ujumbe wa WhatsApp wa "sawa, kalia dipoziti" unatosha kuanzia. Usijiamulie peke yako, maana bila ukubali wake hayo ni malimbikizo ya kodi.

Mwenye nyumba akifariki, dipoziti inakuwa deni la mirathi. Mtoto anayekuja kukusanya kodi si lazima awe ndiye aliyepewa usimamizi na mahakama. Mwombe kwa heshima nakala ya hati ya usimamizi, na barua yako iandike kwa msimamizi.

Siku ya kuhama, mambo ni yale yale ya siku zote, ila mwenye nyumba mpya ana sababu moja zaidi ya kukata: hakuiona nyumba ulipoingia. Atasema sinki ulilipasua wewe. Hapo picha za siku ya kuingia ni dhahabu. Kama huna, piga picha siku umiliki unapobadilika, uzitume kwa ajenti mpya ukitaja hali ya kila chumba. Mimi nilikatwa 3,000 za rangi kwa sababu mkataba ulisema mpangaji atapaka rangi akitoka, na hilo lilikuwa halali. Jirani yangu alitaka kukatwa rangi bila mkataba wake kusema hivyo, akakataa, akalipwa zote. Soma mkataba wako kabla ya kubishana.

Wakikwamisha malipo, andika barua ya madai yenye tarehe ya mwisho, siku 14 zinatosha, kisha nenda Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi 2021 kwenye mahakama za Milimani, Nairobi, sasa iko katika kaunti nyingi. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya pesa ambazo mtu amezipokea na kuzishikilia, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60 tangu kesi ifunguliwe. Huhitaji wakili. Kama hujui dipoziti iko kwa nani kati ya hao wawili, washtaki wote wawili na ueleze hivyo kwenye dai. Watalazimika kuleta mkataba wa mauzo mbele ya mwamuzi, kila mmoja akijitetea dhidi ya mwenzake.

Kwa aliyekwisha kuhama bila kulipwa, na akaambiwa "nenda kwa yule wa zamani": madai ya mkataba nchini yana muda wa miaka sita, kuhesabu tangu siku ambayo ulipaswa kulipwa ukanyimwa. Tafuta taarifa ya M-Pesa ya mwezi ulioingia, tafuta mkataba, kisha andika barua ya madai kwa wote wawili wiki hii.