Mtoto anaumwa na jua: achana na habari za wanyonya damu

Pole dada. Umesema mwanao hulia kwamba mikono inamwaka dakika chache tu baada ya kuingia juani, ngozi haionyeshi kitu, na jirani kakwambia ni "ugonjwa wa wanyonya damu". Hilo la jirani liweke kando. Mkemia David Dolphin alitoa wazo mwaka 1985 kwamba hadithi za wanyonya damu huenda zilitokana na wagonjwa wa pofiria, yaani kundi la magonjwa ambayo kemikali za kutengenezea damu hujazana mwilini; magazeti yakalidaka, lakini wanyonya damu wa ngano za Ulaya Mashariki hawakuwa wakiuawa na jua. Hayo yaliletwa na filamu ya Kijerumani ya 1922.

Dalili zenyewe ndizo za kuzingatia. Ipo aina ya pofiria ambayo protopofirini, moja ya kemikali hizo, hujaa kwenye chembe nyekundu za damu, mwanga ukiipiga inaumiza. Mwombe daktari wa ngozi apime protopofirini kwenye damu, maana mkojo unaweza kutoka safi kabisa. Mwanga huo hupenya kioo, kwa hiyo hata kwenye daladala akae upande wa kivuli. Losheni za kawaida hazimsaidii sana. Mvishe mikono mirefu, glavu, kofia pana. Na mwalimu aambiwe mapema, asimsimamishe paredi juani.