Kadi mbili ndani ya mashine moja: ushauri kwa wanaonunua kompyuta mpakato ya kazi

Kila zinapotoka ajira mpya, vijana wanaoanza kazi ofisini kwetu Chake Chake hunijia na swali ambalo kwa maneno hubadilika lakini kwa maana ni lile lile. Wa mwisho alikuwa binti aliyemaliza masomo yake Tunguu na kupangiwa kazi ya ramani za ardhi. Kwenye simu yake alikuwa na picha tatu alizozipiga katika maduka ya Darajani na Mlandege: Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 5490 na HP EliteBook 840 G5, zote zilizokwishatumika, zote za kioo cha inchi 14, zote zenye prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu za mashine) ya Intel ya kizazi cha nane, na bei zake zikikaribiana. Kila muuzaji alimhakikishia kwamba yake ina kadi ya grafiki. “Maalim,” akaniuliza, “nichukue ipi?” Nami nikamuuliza: “Mwanangu, ukienda shehia, unakaa saa ngapi bila ya umeme?” Alinyamaza kidogo, kwa kuwa alitarajia tuzungumze grafiki. Lakini mazungumzo ya grafiki huanzia hapo, na haya ninayoyaandika ni yale niliyomweleza siku ile, pamoja na machache niliyoyakumbuka baadaye.

Mashine yenye kadi ya grafiki huwa na vitengo viwili vya kuchora picha inayoonekana kwenye kioo. Cha kwanza kimo ndani ya prosesa yenyewe. Katika hizo tatu kwa kawaida huwa ni Intel UHD Graphics 620, ambacho hakina kumbukumbu yake na huazima sehemu ya RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine nzima. Cha pili ni chipu inayojitegemea, yenye kumbukumbu yake, mara nyingi GB 2, iliyochomewa kwenye ubao mkuu, na hicho ndicho wauzaji wanachokiita kadi. Zamani mtumiaji alichagua mwenyewe kitengo cha kutumia, na katika baadhi ya mashine za mwanzo palikuwa na swichi ya kusogeza, kisha mashine ikabidi izimwe na kuwashwa upya. Mwaka 2010 kampuni ya NVIDIA ilitangaza mpango wake wa Optimus, ambao huiachia mashine yenyewe iamue: ukiandika barua, kadi hulala, ukifungua programu nzito ya michoro, kadi huamka. AMD nao wana mpango wao, na msingi wake ni huo huo.

Jambo ambalo wageni wa kazi hii hawalijui ni kwamba, katika mpangilio huu, kadi ya pili kwa kawaida haikuunganishwa na kioo cha mashine hata kidogo. Inapopewa kazi huchora picha, kisha huikabidhi kwa kitengo cha ndani, nacho ndicho kinachoipeleka kwenye kioo. Ndiyo maana kitengo cha Intel hakilali kamwe, na ndiyo maana mtu anayesema “nimeifuta draiva ya Intel kwa sababu nina NVIDIA”, yaani ile programu inayokiendesha kitengo hicho, huwa amejikata mguu anaousimamia.

Kwa upande wa matundu ya nje, yaani HDMI, DisplayPort na yale ya USB-C, hakuna kanuni moja. Mtengenezaji anaweza kuyaunganisha na kitengo cha ndani, au moja kwa moja na kadi ya pili, na mashine mbili zinazofanana kwa sura na kwa prosesa zikatofautiana katika hilo. Mimi nilijifunza kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda shehia moja ya upande wa Micheweni kuwaonyesha wazee mipaka ya viwanja juu ya picha za anga, zile zilizopigwa kwa ndege zisizo na rubani katika kazi ya kuchora ramani ya Zanzibar iliyoanza mwaka 2016. Umeme haukuwapo tangu asubuhi, lakini projekta yetu ilikuwa ndogo, yenye betri yake, na mashine yangu ilikuwa imejaa chaji. Ofisini ilizoea kukaa zaidi ya saa tano. Pale ilizimika baada ya saa mbili na dakika chache, wakati wazee wamefikia kiwanja ambacho ndicho hasa kilichotuita. Tulilazimika kurudi wiki iliyofuata, na mzee mmoja aliyekuja kwa miguu kutoka mbali alikuja kwa miguu mara ya pili. Niliporudi nikachunguza, nikaona kwamba tundu la HDMI la mashine ile lilikuwa limeunganishwa na kadi ya pili, kwa hiyo kule kuchomeka waya wa projekta peke yake kulitosha kuiamsha kadi na kuiweka macho muda wote, ingawa nilichokuwa nikionyesha ni picha iliyotulia.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua betri ya wati-saa 48, ambayo ndiyo ThinkPad T480 huwa nayo ikiwa na betri yake ya ndani ya 24 na ile ndogo ya nje ya 24. Tuseme kazi za kawaida zinakula wati 8: utapata saa sita. Kadi ikikaa macho na matumizi yakafika wati 16, utapata saa tatu, na hapo betri haijazeeka bado. Betri za mashine zilizotumika zimezeeka. T480 ina nafuu moja hapa, kwa sababu betri yake ya nje hutolewa na kubadilishwa bila ya kuifungua mashine, na ipo ya wati-saa 72. Kwa mtu wa kazi za mashamba na shehia mimi huiweka nafuu hiyo mbele ya kadi yoyote.

Basi nani anaihitaji kadi ya pili? Ninasema kwa uhakika kwamba wengi wa wanaoniuliza hawaihitaji. Mhasibu, karani, mwalimu wa skuli na mwandishi wa ripoti hawatauona msaada wake hata siku moja, bali watalipa joto lake na chaji yake. Mtu wa ramani anayetumia QGIS kwa kazi za kawaida hutegemea zaidi prosesa, RAM na diski ya SSD. Ramani ya bapa yenye tabaka nyingi ikichelewa kujichora, dawa yake haimo kwenye kadi. Michoro ya AutoCAD ya vipimo viwili nayo huenda vizuri kwa kitengo cha ndani. Anayenufaika ni yule anayezungusha majengo ya vipimo vitatu, au anayekata na kupaka rangi video za harusi kwa programu kama DaVinci Resolve, ambayo huitwisha kadi sehemu kubwa ya mzigo. Huyu naye asijidanganye kwamba GB 2 za kadi ya mashine ya ofisi zitamtosha kwa video za 4K zenye madoido mengi. Kama hiyo ndiyo riziki yake, atafute mashine ya tabaka nyingine kabisa. Tena ajue kwamba MX150, kadi ya NVIDIA inayowekwa kwenye T480, haina kile kitengo maalumu cha NVIDIA cha kutengenezea faili la video, hivyo kazi ya kulitoa faili la mwisho kwa haraka itaangukia kitengo cha Intel, ambacho kina uwezo huo.

Kabla hujatoa fedha kwa ajili ya kadi, tazama RAM. Kwa kuwa kitengo cha ndani huazima kumbukumbu ya mashine, kasi yake hufuata kasi ya kumbukumbu hiyo, na mashine yenye kijiti kimoja cha GB 8 huchora kwa unyonge kuliko yenye vijiti viwili vya GB 4, ingawa jumla ni moja. Zote tatu alizoziona yule binti zina nafasi mbili za RAM. Nimewahi kuletewa mashine ambazo wenyewe waliamini kuwa ni mbovu wa grafiki, nikaongeza kijiti cha pili, na malalamiko yakaisha. Kijiti huongezwa wakati wowote, lakini kadi haiongezwi: toleo lisilokuwa na kadi lina ubao mkuu wake, na fundi anayekuambia “chukua hii, kadi nitakutilia baadaye” anakuahidi kuubadilisha ubao mzima.

Sasa tuzilinganishe zile tatu. Jambo la kwanza ni kwamba katika zote tatu kadi ilikuwa ni chaguo la aliyeinunua ikiwa mpya mwaka 2018, si kitu kinachokuja na kila mashine, kwa hiyo jina la mashine halithibitishi kuwa kadi imo. Kama imo, T480 huwa na NVIDIA GeForce MX150, Latitude 5490 huwa na MX130, na EliteBook 840 G5 huwa na AMD Radeon RX 540. MX130 na MX150 zinafanana kwa idadi ya viini, yaani vipande vidogo vya kufanyia hesabu, 384 kila moja, na muuzaji atakusomea idadi hiyo. Lakini MX130 ni ya kizazi cha Maxwell, kilichotangulia, na MX150 ni ya kizazi cha Pascal. Hata MX150 yenyewe ina sura mbili, moja ya wati 25 na nyingine ya wati 10, na jina lililoandikwa ni moja tu. Ya wati 10 huachwa nyuma kwa mbali. Programu ndogo ya bure ya GPU-Z huonyesha kasi halisi ya kadi, na kwa tofauti hiyo utaitambua. Anayetumia Ubuntu au Linux nyingine badala ya Windows ataona RX 540 ni rahisi kuishi nayo, kwa sababu draiva yake imo ndani ya mfumo wenyewe, wakati NVIDIA huhitaji draiva ya kampuni na, mara nyingi, kutoka na kuingia upya kwenye akaunti yako kila unapotaka kubadilisha kitengo.

Kizazi cha prosesa ni jambo ambalo sipendi lipuuzwe kwa kuvutiwa na kadi. Utakutana na ThinkPad T470 yenye kadi ya 940MX kwa bei ya chini kuliko T480 isiyokuwa na kadi. Prosesa yake ya kawaida, i5-7200U ya kizazi cha saba, ina viini viwili; i5-8250U ya T480 ina vinne. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel huanzia, kwa jumla, kizazi cha nane. Mimi ningechukua T480 isiyokuwa na kadi bila ya kusita.

Dukani usiridhike na kibandiko. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa wa utendaji, na uone kama pana GPU 0 na GPU 1, yaani vile vitengo viwili vya grafiki, kwa majina yake. Kisha omba waya wa HDMI na kioo chochote cha nje, uchomeke, na utazame mambo mawili: katika mipangilio ya vioo ya Windows, kwenye ukurasa wa maelezo ya ziada, kila kioo huandikwa kimeunganishwa na kitengo kipi, na kule kwenye GPU 1 utaona kama kadi imeamka. Jaribu kila tundu kwa zamu yake, likiwemo la USB-C. Ukikuta HDMI inaamsha kadi lakini USB-C haiiamshi, umeshajua projekta yako utaichomeka wapi. Chomoa chaja wakati huo huo na uiache mashine ifanye kazi kwa nusu saa, usome betri imeshuka kwa kiasi gani.

Nusu saa hiyo itakuonyesha pia joto. Katika mashine nyembamba za ofisi, prosesa na kadi mara nyingi hupozwa na feni moja, na zikifanya kazi pamoja hushushana kasi. Hapa visiwani, wakati wa kaskazi, chumba kisichokuwa na kiyoyozi huwa na joto kabla mashine haijawashwa, na hewa ya chumvi pamoja na vumbi huganda kwenye matundu ya feni. Shika sehemu ya juu ya kibodi, sikiliza feni, na tazama tundu la hewa kwa tochi ya simu. Ukiona kutu au ukoko mweupe, jua kwamba mashine imekaa karibu na pwani, na pasta ya kupozea prosesa itahitaji kubadilishwa.

Mashine ikishakuwa yako, ingia kwenye mipangilio ya grafiki ya Windows na uziorodheshe mwenyewe programu mbili tatu zinazostahili kadi, nyingine zote uziweke upande wa kuhifadhi chaji, kwa sababu baadhi ya programu, hata za kutazamia intaneti, huiamsha kadi bila ya haja. Baadhi ya mashine hukuruhusu kuizima kabisa kadi kupitia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, na kwa siku za safari hilo ni jambo la kufanya.

Na kwa mnaokaa Pemba lakini mnanunua Unguja: fanyeni majaribio haya yote dukani, mchana, na mwandikishiane na muuzaji kwenye risiti jina la kadi na uwezo wake, kabla hamjakata tiketi ya boti. Yule binti alifanya hivyo. Katika mashine zile tatu, mbili hazikuwa na kadi, na alichukua moja kati ya hizo mbili, akanunua kijiti cha pili cha RAM na betri ya akiba kwa fedha iliyobaki.