Cheo cha Lugard hakikufutwa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimesoma mahali kwamba cheo cha Baron Lugard wa Uingereza "kilifutwa" mwaka 1945. Nani alikifuta, na kwa kosa gani?

JIBU: Marahaba. Hakuna aliyekifuta. Wala hukukosea kumtafuta mfutaji, maana kitenzi ulichopewa kinamdai. Ukisikia leseni imefutwa, lazima uulize nani kaifuta. Waandishi wetu wamelifanya neno hili jalala: chochote kilichokwisha, "kimefutwa". Linanikera, kwa sababu linapotosha historia.

Frederick Lugard ni yule aliyeingia Buganda Desemba 1890 kwa niaba ya IBEA, kampuni ya Waingereza ya biashara Afrika Mashariki. Alipewa ubaroni, cheo cha ukabaila wa Uingereza, mwaka 1928, urithiwe na wanawe wa kiume na vizazi vyao tu. Hakujaliwa mtoto. Alipofariki Aprili 1945, cheo kikakoma. Kukoma, basi, kitenzi kile kile kilichozaa kikomo na ukomo.

Mtazame sasa Kitchener, jemadari wa Uingereza, maana hapa ndipo neno "kilifutwa" linapoumbuka. Naye hakuacha mtoto. Alikufa Juni 1916, meli ya HMS Hampshire ilipozama karibu na visiwa vya Orkney. Lakini hati ya cheo chake cha Earl (cheo kilicho juu ya Baron), ya mwaka 1914, iliwaruhusu ndugu zake kurithi. Kikaenda kwa kaka yake Henry, kikaja kwa mjukuu wa Henry, na kikakoma mwaka 2011 mjukuu huyo alipofariki bila mtoto. Wagumba wawili, hati mbili: cheo cha Lugard kilikoma alipokufa, cha Kitchener kikaishi miaka 95 baada yake. Mwandishi akisema vyote viwili "vilifutwa", msomaji ataijuaje nguvu ya hati?

Anayetaka kisa chenye mtendaji amsome Duke wa Albany, mjukuu wa Malkia Victoria aliyekuwa mtawala huko Ujerumani. Mwaka 1919, kwa sheria iliyopitishwa 1917, Mfalme George wa Tano alimnyang'anya cheo kwa kuwa upande wa Ujerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Huyo alivuliwa cheo, na Kiswahili kimekuwa na usemi huo siku nyingi.

Wapo wanaoandika "kilitoweka". Hao nawavumilia, ingawa kilichotoweka huweza kuonekana tena, na ubaroni wa Lugard haurudi kwa mrithi yeyote. "Kilifutwa" silikubali, na mhariri anayelipitisha amtaje aliyefuta.