Maswali yenu: kupima uga wa umeme

*Shikamoo mwalimu. Naishi Gungu, jirani na mnara wa simu. Asubuhi kipima uga (kifaa cha kupima nguvu ya umeme iliyo hewani) kilisoma volti 1.8 kwa mita, jioni 2.3. Wameongeza nguvu?*

Marahaba. Jioni watu wanapiga simu zaidi, kwa hiyo mnara unaweza kweli kutoa zaidi. Ila je, kifaa ulikiweka palepale? Kwenye masafa (mitikisiko kwa sekunde) ya megahezi 900 wimbi lina urefu wa sentimita 33 hivi, na likigonga bati linarudi na kukutana na linalokuja. Sogeza kichwa cha kifaa shibiri moja tu, uone namba inavyopanda na kushuka. Weka alama sakafuni, pima sehemu kadhaa, kila moja dakika 6, ndipo ulinganishe. Usiwe na hofu: kwa masafa hayo, kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, kwa wananchi ni takriban volti 41 kwa mita.

*Kuna programu ya simu inayopima uga. Niiamini?*

Hapana. Simu ina kihisi cha sumaku, kile cha dira. Uga wa umeme haiusikii.

*Cheti cha ugezi (cha maabara iliyohakiki usahihi wake) cha kifaa chetu kinasema kosa ni desibeli (kipimo cha uwiano) 0.8 juu au chini. Mbona wewe huandika 2? (Ujiji)*

Swali hili nalipenda. Maabara ilikipima kwenye uga tulivu, masafa machache, joto lisilobadilika. Uwanjani mambo ni mengine. Ndani ya kile kichwa mna antena tatu ndogo, na hazipokei pande zote sawasawa. Tuseme kosa la desibeli 1. Masafa nayo hayapokelewi kwa usawa, tuseme 1.2. Makosa haya hayajumlishwi hivihivi: kila moja lizidishe kwa lenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Pamoja na lile la cheti unapata 1.75. Ongeza joto la mchana na mahali ulipopimia, unafika 2. Maana yake ukisoma volti 10, ukweli uko kati ya 7.9 na 12.6. Ripoti isiyoandika mapana hayo mimi siipokei.

*Chini ya laini kubwa ya umeme huku Kidahwe, mimi na mwenzangu tulipata namba tofauti kabisa kwa kifaa kilekile.*

Mlikishika mkononi, sivyo? Kwenye hezi 50, masafa ya umeme wa laini hizo, mwili unaupinda uga. Kiinue juu ya kichwa, namba inapanda. Kishushe ubavuni, inashuka. Kiweke kwenye stendi ya plastiki, mita 1 kutoka ardhini, nawe ukae mbali angalau mita 2 na nusu.

Na stendi iwe kavu. Asubuhi moja yangu ilikuwa na umande, matone yameshikana kuanzia juu hadi chini, nami sikujali. Maji yale yaliigeuza kuwa njia ya umeme. Nilipoifuta kwa kitambaa namba ilishuka pale pale, na vipimo vyote vya asubuhi ile nilivifuta daftarini. Sasa naanza saa nne, jua likishakausha nyasi.