Funga mikanda ya tairi kabla gari halijalala tumbo

Januari nilitoka Nachingwea kwenda Liwale na IST yangu, mvua imekesha. Kwenye bonde moja lenye udongo mweusi, tairi za mbele zikaanza kuzunguka, gari halisogei. Nikakanyaga mafuta. Nikapiga rivasi, nikakanyaga tena. Dakika mbili tu gari likawa limelala tumbo, na mikanda ya tairi niliyoinunua kwa ajili ya siku kama ile iko kwenye buti, chini ya mizigo.

Utingo wa lori lililokwama nyuma yangu akashuka na chepe. "Kaka, ungetoa mguu mapema, saa hizi tungeshapita." Alisema kweli. Tulichimba karibu saa nzima ndipo mkanda ukapata pa kupita.

Mkanda wenyewe hupitishwa kwenye tundu la rimu, ukalizunguka tairi na kukazwa kwa bizimu. Juu yake kuna kipande kigumu chenye meno. Tope likishajaa kwenye kashata, yaani ile mifereji ya tairi, tairi huwa kama kipara, halina pa kushika. Yale meno ndiyo yanayoshika. Tofauti na minyororo mingi ya tairi, huhitaji kulisogeza gari ili uufunge. Unafunga sehemu ya tairi iliyo wazi juu ya tope. Lakini tairi likishazama hadi rimu, huna pa kupenyeza hata kidole.

Kwa hiyo, ndugu yangu, likizunguka bure mara ya kwanza, toa mguu. Zima gari, vuta hendibreki, ufunguo mfukoni, ndipo uingize mkono kwenye tairi. Funga tairi zinazovuta: kwa IST yangu ni za mbele, kwa Hiace nyingi ni za nyuma. Funga pande zote mbili, maana difu ya kawaida, ile gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili, huliachia lile linaloteleza lizunguke, na la upande wa pili linabaki limesimama. Mkia wa mkanda uchomeke vizuri. Wangu uliachwa unaning'inia, ukachapa madigadi mpaka ikapasuka.

Ondoka kwa gia ya chini, taratibu. Wanaosukuma wasisimame kwenye mstari wa tairi, kwa sababu kipande kikichomoka huruka kama jiwe. Ukifika kwenye ardhi ngumu, simama uivue. Mikanda hii si ya kusafiria.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji: jaribu nyumbani, gari likiwa safi. Rimu nyingine za chuma matundu yake ni madogo mno. Kisha pitisha mkono ndani uone mkanda haugusi breki, mpira wa breki wala shokapu. Kwenye gari langu nafasi kati ya tairi na shokapu ni kidole kimoja. Mikanda minene niliirudisha dukani nikachukua myembamba.

Kwenye mchanga mkavu, kama ufukweni Msimbati, usiifunge. Meno yanachimba shimo. Pale punguza upepo wa tairi, kutoka PSI 30 hadi 18 hivi, na ujaze tena ukirudi barabarani.

Siku ya kurudi kutoka Liwale, bonde lilelile, tairi likateleza. Nikatoa mguu hapohapo. Mikanda minne, miwili kila upande, dakika kumi na tano, tukatoka bila chepe. Nilipofika Nachingwea niliiosha, nikaianika, na sasa inakaa nyuma ya kiti cha dereva.