Usinunue kitabu cha "nukuu za Talmudi" kisicho na namba za kurasa

Usilipe hiyo pesa, mkuu. Umesema umeletewa kitabu kinene cha "mafundisho ya Talmudi", ule mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi wa Kiyahudi, nukuu zimepangwa kwa mada, ndoa huku, mataifa kule, Masihi mwishoni, na unataka kiwe mlango wako wa kuujua Uyahudi wa marabi. Umeuliza pia kama lazima ujifunze Kiebrania kwanza, na Talmudi ya Babeli inatofautianaje na ya Yerusalemu. Hayo mawili yasubiri; tuanze na hicho kitabu, maana ndicho kinachotaka kukuharibia.

Mimi ninacho pacha wake. Mwalimu mmoja wa semina alituaminisha kwamba Talmudi ni bahari, hakuna anayeimaliza, tuchukue hiki kwa kuwa kiini chote kimo humo. Si kweli kwamba hakuna anayeimaliza. Talmudi ya Babeli ina karatasi 2,711, na tangu 1923 wapo Wayahudi wanaosoma karatasi moja kila siku, pande zote mbili, wakaimaliza kwa miaka saba na nusu, kisha wakaanza upya. Baadaye ndipo nilipotambua kuwa yule mwalimu hakuwahi kuifungua Talmudi yenyewe. Alikuwa akitugawia nukuu alizogawiwa, na watu walitoa pesa ya karo kwa ajili ya hilo. Bado linaniuma.

Ona kitabu cha namna hiyo kinavyofanya kazi. Changu kina sentensi ya Rabi Yehoshua kuhusu Torati: "Haiko mbinguni." Chini yake mkusanyaji ameandika kwamba hapo marabi wamejiweka juu ya Mungu. Basi. Niliingiza sentensi hiyo na maelezo yake kwenye tasnifu, msahihishaji akaandika pembeni neno moja tu: "Ukurasa?" Kitabu hakikuwa na ukurasa. Sura nzima iliyosimama juu ya nukuu za aina hiyo ikakatwa, na ada ya mwaka mwingine ikalipwa.

Sasa twende kwenye ukurasa wenyewe. Ni Bava Metzia 59b, yaani kitabu kimojawapo cha Talmudi ya Babeli, karatasi ya 59, upande wa pili. Lakini huwezi kuanzia hapo, kwa sababu mazungumzo yameanza nyuma, 58b, kwenye Mishna, yaani matini ya sheria ambayo Talmudi inaijadili, inayosema kwamba kama ilivyo dhuluma katika kuuza na kununua, ndivyo ilivyo dhuluma katika maneno. Usimwulize mtu bei ya kitu na huna nia ya kununua. Usimwambie aliyetubu, "Kumbuka ulivyokuwa zamani." Gemara, yaani mjadala wa marabi juu ya Mishna, inachukua hapo na kusema kwamba anayemwaibisha mwenzake hadharani ni kama amemwaga damu. Ndani ya mada hiyo, ya kuumiza watu kwa maneno, ndipo kinapoletwa kisa cha tanuri la Akhnai.

Rabi Eliezer anasema tanuri lile ni safi kwa sheria ya dini, wenzake wanasema si safi. Anatoa hoja zote, hawakubali. Mti wa karobu unang'oka mahali pake, maji ya mfereji yanarudi nyuma, kuta za nyumba ya masomo zinainama, sauti inatoka mbinguni kumuunga mkono. Rabi Yehoshua anasimama na kusema, "Haiko mbinguni," maneno ya Kumbukumbu la Torati 30:12. Torati imekwisha kutolewa Sinai, na yenyewe inaagiza kufuata walio wengi. Mkusanyaji wangu ameishia hapo akafunga duka.

Kisa hakijaisha! Wanamtenga Rabi Eliezer. Rabi Akiva anakwenda kumpa habari akiwa amevaa nguo nyeusi, anaketi mbali naye kidogo, na mzee analia. Mkewe, Ima Shalom, ni dada wa Rabani Gamlieli, mkuu wa wale waliomtenga, na anamzuia mumewe asiangukie uso kuomba, akiogopa machozi ya mume yatamdhuru kaka yake. Siku moja anapitiwa, mume anaomba, na Rabani Gamlieli anafariki. Ima Shalom anasema alipokea kwa wazee wake kwamba milango yote hufungwa isipokuwa mlango wa walioumizwa kwa maneno.

Kwa hiyo wale wengi walishinda hoja, na Talmudi hiyohiyo ikaandika gharama ya namna walivyomtendea aliyeshindwa. Soma mara mbili, halafu niambie kama hayo ni majivuno ya watu waliojiweka juu ya Mungu. Nilipouona ukurasa mzima nilikasirika kuliko nilivyokasirika kwa ajili ya ada, kwa sababu nilikuwa nimewasemea uongo watu waliokuwa wakijihukumu wenyewe kwa ukali kuliko nilivyowahukumu mimi.

Kanuni yangu ni hii moja na siilegezi: nukuu isiyo na namba ya ukurasa itupe, na yenye namba panda nayo mpaka Mishna iliyo juu yake, ushuke mpaka mjadala unapoisha. Namba ziko palepale katika karibu kila chapa ya Talmudi ya Babeli tangu Daniel Bomberg alipoichapa Venice katika miaka ya 1520, kwa hiyo 59b yako ndiyo 59b ya kila mtu, na mtu anayekunyima namba ana sababu. Waliosoma fiqhi kwa vitabu vyenye matini katikati na maelezo yake pembeni watauzoea ukurasa huu haraka, kwani Gemara iko katikati, maelezo ya Rabi Rashi upande mmoja, na Tosafot, maelezo ya marabi waliomfuata, upande wa pili.

Na pesa yako ibaki mfukoni. Tangu 2017 tovuti ya Sefaria imeweka bure tafsiri ya Kiingereza iliyotokana na kazi ya Rabi Adin Steinsaltz, maelezo yamefumwa ndani ya maneno. Fungua Bava Metzia 58b leo usiku, usome mpaka kifo cha Rabani Gamlieli, kisha rudi hapa uulize ulichokwama.