Kadi ya kliniki imebaki tulikokimbia

SWALI: Dada, nina mimba ya miezi 7, tumekimbia vita kadi ikabaki nyumbani, naogopa kwenda kliniki ya hapa kambini wasije wakanifokea. Kichwa kinaniuma siku ya tatu leo na miguu imevimba mpaka ndala haziingii.

JIBU: Mdogo wangu, kadi sahau kwanza, utaandikiwa nyingine. Hicho kichwa ndo kinanitisha, inaweza kuwa presha ya mimba, hasa kama na uso umevimba au macho yanaona ukungu, na ikipanda inaweza kuleta kifafa cha mimba kinachoweza kuua mama na mtoto, kwa hiyo nenda leo leo wakupime presha na mkojo. Na kwa kuwa kadi huna, kama ulishawahi kuzaa kwa operesheni mwambie nesi, hilo usilifiche.